Mjumbe Hauawi: Kubadilisha Sensa ya Presha ya Mafuta Nyumbani

Umetoka Nakuru, umeipita Kikopey na moshi wake wa nyama choma, sasa unaupanda mwinuko unaokuleta Gilgil. Unakanyaga mafuta, gari halijibu. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na hata lori lililobeba mchanga linakupita. Mjini, fundi anachomeka skana, anasoma namba, anatoa hukumu: sensa ya presha ya mafuta imekufa, ibadilishwe.

Huenda ni kweli. Lakini kazi ya sensa hii ni kupeleka habari tu: hupima presha ya mafuta na kuiambia kompyuta ya injini. Presha ikiwa imeshuka kwa sababu chujio limeziba au pampu imechoka, sensa itasema imeshuka, na namba itakayotokea kwenye skana itaitaja presha hiyo. Wengi hukimbilia kuing'oa sensa kwa sababu imeleta habari mbaya. Wahenga walikwisha kusema kwamba mjumbe hauawi. Mwongozo huu utakuonyesha kwanza jinsi ya kujua kama sensa yako inasema uongo, kisha jinsi ya kuibadilisha mwenyewe nyumbani bila kuumia na bila kuharibu kilichokuwa kizima.

Je, gari lako linayo?

Magari mengi ya petroli yanayopita barabara ya Gilgil hayana sensa hii kabisa. Vitz, Probox na Fielder nyingi hupuliza mafuta nje ya silinda, kwenye njia ya hewa, kwa presha ndogo ya karibu kPa 300. Presha hiyo hudhibitiwa na kifaa kidogo ndani ya tangi. Fundi akikuambia sensa ya presha ya mafuta ya Probox yako imekufa, mwombe akuonyeshe ilipo.

Magari yenye sensa ni ya makundi mawili. La kwanza ni dizeli zenye reli ya mafuta, yaani bomba nene la chuma linalohifadhi mafuta yenye presha kali na kuyagawia injekta zote. Mfumo huu ulianza kuuzwa miaka ya 1990: Denso ya Japani iliuweka kwenye malori mwaka 1995, na Alfa Romeo 156 ikawa gari dogo la kwanza kuupata mwaka 1997. Kwetu utaukuta kwenye Hilux, Prado na HiAce zenye injini za 1KD na 2KD, Isuzu D-Max zenye 4JJ1, na Mazda CX-5 na Demio za dizeli. Dizeli za zamani, kama HiAce za 5L na Land Cruiser za 1HZ, zina pampu ya kimakanika na hazihitaji sensa hiyo.

Kundi la pili ni petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda: Golf za TSI, Mazda za SkyActiv-G, Subaru Forester zenye turbo za miaka ya karibuni, na nyinginezo.

Inavyofanya kazi

Sensa hukazwa kwenye reli, mara nyingi upande wa mwisho. Ndani yake kuna kiwambo chembamba cha chuma kinachopindwa na presha kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Juu ya kiwambo kuna vipande vya ukinzani vinavyobadili umeme kiwambo kikipindika. Nyaya ni tatu: mmoja huleta umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni wa athi, wa tatu hurudisha habari. Baadhi ya sensa, kwenye Toyota kadhaa hasa, zina nyaya sita kwa sababu ndani yake mna vipimo viwili vinavyokaguana.

Presha ikiwa sifuri, waya wa habari huwa na karibu volti 0.5, au karibu volti 1 kwa sensa kadhaa za Denso. Presha ikipanda, volti hupanda nayo, na kwa kawaida haizidi 4.5. Kwa hiyo waya ukionyesha volti 0 kamili au 5 kamili muda wote, hiyo si presha ya mafuta. Hapo kuna waya uliokatika au kugusana, au sensa imekufa.

Zijue pia namba za kawaida za presha. Dizeli ya reli ikinguruma bila kukanyagwa huwa na MPa 25 hadi 40, na ikilemewa mlimani hupanda mpaka MPa 160 au 200 kulingana na injini. MPa 1 ni kPa 1,000. Tairi la gari dogo huwa na kama kPa 220, kwa hiyo hata injini ikitulia, presha iliyo ndani ya reli ni zaidi ya mara 100 ya ile ya tairi. Kumbuka hesabu hii tutakapofika kwenye usalama.

Wengine hulaumu mwinuko wa Gilgil. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku ni kama kPa 80, wakati Mombasa ni 101. Skana ikikuonyesha presha ya hewa ya kPa 80 gari likiwa limezimwa, usishtuke, ndiyo hewa yetu. Gari la petroli lisilo na turbo hupoteza nguvu huku hata likiwa zima. Lakini kwenye presha ya reli, tofauti hiyo ya kPa 20 haionekani.

Namba za skana na maana yake

Dalili hufanana bila kujali chanzo: gari kuchelewa kuwaka, kuzimika ghafla, kutoa moshi mweusi, kukosa nguvu mlimani, au kujifunga lisizidi mwendo fulani. Namba ya hitilafu ndiyo huanza kutofautisha.

P0190, P0192 na P0193 zinahusu umeme wa sensa yenyewe na nyaya zake. P0192 maana yake volti ya waya wa habari iko chini kupita kiasi, na P0193 iko juu kupita kiasi. P0194 huashiria habari inayokatika na kurudi. Hapa sensa na nyaya ndizo za kushukiwa kwanza.

P0191 iko katikati: kompyuta inapata habari lakini hazilingani na hali ya injini. Chunguza sensa, lakini usiishie hapo.

P0087 maana yake presha ya reli iko chini mno, na P0088 iko juu mno. Namba hizi mbili hazimshtaki mjumbe, zinapeleka ujumbe wake. Anayebadilisha sensa kwa sababu ya P0087 pekee, mara nyingi hununua sensa mpya itakayosema yaleyale.

Tahadhari ya skana: zile ndogo za bei nafuu zinazoungana na simu kwa Bluetooth hazisomi kila gari. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayazijibu, au hutoa habari nusunusu. Ikitokea hivyo, mlipe mwenye mashine kamili akuchomekee, na umwombe akuonyeshe vipimo vinavyobadilika injini ikiwa inafanya kazi. Usiridhike na orodha ya namba peke yake.

Majaribio matatu kabla ya hukumu

*La asubuhi.* Hili ndilo rahisi na lenye thamani kuliko yote. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, washa swichi tu na usome presha ya reli. Dizeli iliyolala huwa imemaliza presha yake, kwa hiyo sensa nzima itasoma sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma MPa 20 au 30 kwenye injini baridi iliyolala, inasema uongo. Kwa petroli zinazopuliza ndani ya silinda jaribio hili lahitaji subira, kwa kuwa baadhi yake hushikilia presha kwa saa nyingi.

*La nyaya.* Zima swichi, chomoa plagi ya sensa, kisha uwashe swichi bila kuwasha injini. Weka mita ya umeme kwenye volti. Ncha nyeusi iguse hasi ya betri, ncha nyekundu iguse matundu ya plagi moja baada ya jingine. Tundu moja litoe kati ya volti 4.8 na 5.2. La athi litoe karibu sifuri, lisizidi volti 0.1. Kama volti 5 hazipo, usinunue sensa, tafuta kinachozizuia. Waya huo wa volti 5 mara nyingi hulisha sensa nyingine pia, na moja ikigusana na chuma huziangusha zote. Ndiyo maana namba za hitilafu za sensa tatu au nne zikitokea siku moja, kosa huwa kwenye waya wao wa pamoja.

Fuata nyaya kwa macho na vidole kutoka kwenye plagi kwenda nyuma. Gari linalolala shambani karibu na ghala la mahindi huwa na wageni, na panya hupenda joto la injini na plastiki ya nyaya. Angalia pia ndani ya plagi. Maji ya mashine ya kuoshea magari yakiingia humo huacha kutu ya kijani kwenye pini. Pini zikiwa na kutu, zisafishe kwa dawa ya kusafishia umeme, kausha, rudisha plagi, futa namba, uone kama inarudi. Wengi huishia hapa wakiwa wametumia gharama ya kopo moja la dawa.

*La mlima.* Kama sensa imefaulu majaribio mawili ya kwanza, ipe nafasi ya kutoa ushahidi. Mtu mmoja aendeshe, mwingine asome skana. Teremkeni kuelekea Elmenteita, geukeni mahali salama, mrudi mkipanda. Linganisheni presha ambayo kompyuta inataka na presha halisi. Zikipanda pamoja, mfumo uko sawa. Ya kutakiwa ikipanda na halisi ikabaki chini au ikashuka polepole mlimani, sensa inasema kweli na mafuta hayafiki. Halisi ikirukaruka kutoka juu hadi sifuri kwa kufumba na kufumbua, huku injini ikinguruma vizuri, rudi kwenye sensa na plagi yake, kwa kuwa presha ya kweli hairuki namna hiyo.

Ikiwa sensa inasema kweli

Anza na kisicho ghali: chujio la mafuta. Huku kwetu chujio hujaa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Vumbi la barabara za ndani ni jepesi, na karibu na Kariandusi, kunakochimbwa diatomaiti, kuna unga mweupe wa silika ulioachwa na viumbe vidogo vya ziwa la kale. Unga huo huuzwa kwa kuchujia vinywaji na kung'arishia chuma, na huko kung'arisha ndiko kunakouma pampu, kwa maana nafasi kati ya vipande vyake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Funga kifuniko cha tangi vizuri, na usijaze mafuta kutoka kwa mtungi uliokaa wazi.

Mafuta yenyewe nayo yana kesi. Kwa miaka mingi dizeli ya Kenya ilichanganywa na mafuta ya taa kwa kuwa yalikuwa rahisi, mpaka Septemba 2018 serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayana ulainisho wa dizeli, na pampu ya presha kali hulainishwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma. Pampu iliyokunywa mchanganyiko huo kwa muda mrefu hulika ndani, ikashindwa kufikisha presha mlimani. Nunua kwenye kituo chenye wateja wengi, na uweke risiti.

Baada ya chujio, vinavyofuata ni vali inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu, injekta zinazorudisha mafuta mengi mno kwenye tangi, vali ya usalama ya reli, kisha pampu yenyewe. Hizo ni kazi za fundi wa dizeli mwenye mashine ya kupimia, na ukimpelekea vipimo ulivyoviandika mlimani utampunguzia kazi ya kubahatisha.

Kununua

Majaribio yakithibitisha kwamba sensa ni mbovu, soma namba iliyochongwa mwilini mwake. Sensa za Denso mara nyingi huanza na 499000, za Bosch za dizeli huanza na 0281. Piga picha namba hiyo pamoja na namba ya chesisi ya gari. Dukani, iwe Nakuru au kule Nairobi kwenye Barabara ya Kirinyaga ambayo watu bado huiita Grogan, anza na namba: "Mkubwa, nataka yenye namba hii, na nitailinganisha na ya zamani kabla sijalipa." Sensa mbili zinaweza kufanana sura, meno na plagi, huku moja ikipima mpaka MPa 180 na nyingine mpaka 200. Ukikosea hapo gari litawaka, lakini kompyuta itakuwa inasoma presha isiyo ya kweli kila siku.

Swali jingine la kuuliza kabla ya kulipa: je, mtengenezaji wa gari lako anaruhusu sensa ibadilishwe peke yake? Wengine huagiza reli nzima ibadilishwe pamoja na sensa, kwa kuwa sensa hukazwa kiwandani kwa mkazo mkubwa na kalio lake, yaani sehemu inayobanana na reli, huumbika mara moja tu. Ikiwa gari lako ni la kundi hilo, reli ya ex-Japan iliyotoka kwenye injini iliyokatwa, ikiwa na sensa yake haijaguswa, inaweza kuwa njia ya busara. Hakikisha matundu yake yamefunikwa na hakuna kutu ndani.

Usalama

Sehemu hii isomwe yote. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha ya reli hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama alama ya sindano, haliumi sana mwanzoni, na ndani ya saa chache kidole au mkono huanza kufa. Likitokea, usilikande, usilifunge kwa kitambaa na kungoja kesho. Nenda mara moja hospitali yenye daktari wa upasuaji, kwa sisi ni Nakuru, na uwaambie wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyopenya.

Kwa hiyo usifungue wala kulegeza chochote kwenye reli injini ikiwa inafanya kazi. Usitafute uvujaji kwa mkono. Usiguse nyaya za injekta injini ikiwa imewashwa, kwa sababu nyingine hubeba umeme zaidi ya volti 100.

Fanya kazi nje au mahali penye hewa, mbali na jiko la makaa na sigara. Kwa petroli, weka kizima moto cha unga karibu na mkono. Vaa miwani ya kazi na glavu zisizopitisha mafuta. Watoto na kuku wawe mbali. Chagua asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kurusha vumbi kwenye reli iliyo wazi.

Kazi yenyewe

Utahitaji: soketi ndefu ya saizi ya sensa yako (nyingi ni 27), spana ya kupimia mkazo, brashi, dawa ya kusafishia breki, vitambaa visivyotoa nyuzi, mifuniko safi ya plastiki, mita ya umeme na skana.

1. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Injini iwe baridi, na bora iwe imelala usiku kucha.

2. Maliza presha. Dizeli iliyolala huwa imeshaimaliza. Kwa petroli, chomoa fyuzi au relei ya pampu ya tangi, washa injini mpaka izimike yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha uizungushe kwa stata sekunde chache. Kwa kuwa sensa yenyewe ndiyo inayoshukiwa, usiitegemee ikuambie kwamba presha imeisha. Tegemea muda na utaratibu.

3. Ondoa waya hasi wa betri. Kama redio ina namba ya siri, iandike kabla.

4. Safisha eneo lote kuzunguka sensa kwa brashi na dawa ya breki, ukaushe, usafishe tena. Chembe moja ya mchanga ikidondoka ndani ya reli itaishia kwenye injekta, na injekta moja ni ghali kuliko sensa hii.

5. Piga picha ya jinsi nyaya zilivyolala. Bonyeza kifungio cha plagi na uivute kwa kushika plagi yenyewe, usivute nyaya.

6. Zungushia kitambaa chini ya sensa. Kaza soketi vizuri kwenye pembe zake, ulegeze nusu mzunguko, usimame. Mafuta machache yakichuruzika ni kawaida. Yakitoka kwa msukumo, ngoja yaishe kabla ya kuendelea. Ikikataa kufunguka, usiigonge kwa nyundo wala kuongeza bomba refu kwenye spana mpaka reli ianze kujipinda. Hapo ni pa fundi.

7. Sensa ikitoka, funika tundu mara moja. Kagua kalio la chuma na meno ya reli kwa tochi. Futa ukingo kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usiingize waya, pamba wala kidole ndani ya reli.

8. Toa kifuniko cha sensa mpya dakika hiyohiyo ya kuifunga. Linganisha namba, meno na ncha yake na ya zamani. Kama maelezo yake yanataka grisi kwenye meno, paka kidogo sana bila kugusa ncha. Usiweke tepu nyeupe ya mafundi wa bomba wala silikoni. Sensa hii huziba kwa chuma kubana chuma, na kipande cha tepu kikikatika kitaingia kwenye mfumo.

9. Izungushe kwa vidole mpaka ikae. Ikigoma mapema, itoe uanze upya, maana meno yakipandana umeharibu reli. Kisha kaza kwa spana ya kupimia mkazo kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Vipimo hutofautiana sana, kutoka karibu Nm 30 hadi Nm 100 kati ya gari na gari, kwa hiyo kipimo cha gari la jirani hakikusaidii.

10. Rudisha plagi mpaka usikie imejifunga, rudisha fyuzi, kisha waya wa betri.

Kuwasha na kuthibitisha

Washa swichi bila kuwasha injini, usome presha. Sensa mpya isome sifuri au karibu nayo. Ikisoma vingine, umekosea sensa au nyaya bado zina tatizo, na hakuna haja ya kuendelea.

Dizeli yenye pampu ya mkono juu ya chujio, ibonyeze mpaka iwe ngumu. Isiyonayo, washa na uzime swichi mara kadhaa ili pampu ya tangi ijaze mfumo. Kisha zungusha injini, isizidi sekunde 10 kwa mara moja, ukiipumzisha stata katikati. Kompyuta huzuia injekta mpaka reli ipate presha ya kutosha, kwa hiyo gari kuchelewa kuwaka mara ya kwanza hakupaswi kukutia hofu.

Likiwaka, simama kando, usiiname juu ya reli. Pitisha kipande cha kadibodi kuzunguka sensa na uangalie kama kitalowa. Kikilowa, zima injini, acha presha iishe kama ulivyofanya mwanzo, ndipo ukague. Usikaze chochote injini ikinguruma, hata ukiona tone moja tu. Na usirudishe sensa ya zamani kwa kuikaza zaidi, ncha yake imeshaumbika.

Futa namba za hitilafu. Baadhi ya magari hutaka kompyuta ifundishwe sensa mpya kwa mashine kamili. Angalia kitabu au muulize fundi wa aina ya gari lako. Kisha rudia jaribio la mlima kwenye mwinuko uleule. Presha halisi ikifuatana na ya kutakiwa toka chini hadi juu, na namba isirudi baada ya safari mbili tatu za kawaida, kazi imekamilika.

Wakati wa kumwachia fundi

Mwachie ikiwa sensa imefichwa chini ya njia ya hewa inayohitaji kufunguliwa, ikiwa meno ya reli yameharibika, ikiwa kitabu kinataka reli nzima ibadilishwe na hujawahi kukaza mabomba ya presha kali (mengi hutakiwa kuwa mapya kila yakifunguliwa), au ikiwa huwezi kupata spana ya kupimia mkazo. Mpelekee fundi vipimo vyako vyote: vya asubuhi, vya nyaya na vya mlimani. Fundi mzuri atavifurahia. Anayekataa hata kuvitazama, mtafute mwingine.

Mwisho, chukua daftari la gari na uandike tarehe, kilomita, namba ya sensa mpya, presha injini ikiwa imelala, presha ikinguruma bila kukanyagwa, na presha ya juu kabisa mliyoiona mlimani. Taa hiyo ikiwaka tena mwaka ujao, utakuwa na vipimo vya gari lako lenyewe likiwa zima, na ndani ya dakika tano utajua kama habari zilizoletwa ni za kweli.